Petroli au umeme: gari gani litakutoa nyuma ya lori Sekenke?

Ukitoka Shelui kuelekea Singida mjini, tambarare ya Wembere inaishia kwenye ukuta wa mlima na barabara inaanza kupanda Sekenke. Lami ipo, kona zipo, na mchana kutwa hukosi lori lenye trela mbele yako. Linarudi Dar es Salaam kutoka Rusumo au Kahama, limeshikilia gia ya chini, linapanda kwa mwendo ambao bodaboda lenye abiria linauzidi. Nyuma yako basi la kutoka Mwanza limeshaanza kukumulika taa. Kila dereva aliyemo kwenye msururu huo mfupi anapiga hesabu moja kimoyomoyo: barabara ikinyooka, gari langu litachanganya haraka kiasi gani, na nitakaa upande usio wangu kwa muda gani?

Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka tuifanye leo, kwa sababu mjadala wa magari ya petroli na ya umeme huku kwetu umekwama kwenye namba moja tu, sekunde za kutoka 0 hadi 100. Ni namba ya vipeperushi. Inapimwa barabara ikiwa kavu na tambarare, dereva akiwa na mzigo mdogo, na matokeo yake huandikwa kana kwamba dunia yote iko sawa na usawa wa bahari. Anayeishi Ikungi, Manyoni au Kiomboi haondoi gari kutoka sifuri kwenye mstari wa mashindano. Yuko kwenye 60, amebanwa nyuma ya trela, ana watu wanne na gunia la alizeti, na yuko mita 1,500 juu ya bahari. Nikiyapima magari haya kwa kipimo chake, naona tofauti kubwa kuliko ile ya kipeperushi, na naona pia hatari ambayo wanaoshabikia umeme hawaitaji.

Tuanze na namba za viwandani, maana haziepukiki. Toyota Prado ya petroli yenye injini ya lita 2.7, gari ambalo miradi mingi na familia nyingi zenye uwezo zinalipenda, ina nguvu ya farasi 163 na uzito unaozidi tani mbili. Kufika kilomita 100 kwa saa inahitaji karibu sekunde 14. RAV4 ya lita 2.0 ya kizazi cha tatu iko kwenye sekunde 11 hivi. Subaru Forester XT ya mwaka 2013 yenye turbo inafanya kazi hiyo kwa sekunde 7.5, na vijana wanaoifuata wanajua kwa nini wanaifuata. Ukipanda hadi Land Cruiser 300 ya petroli, iliyotoka mwaka 2021 na injini ya lita 3.5 yenye turbo mbili, unashuka hadi sekunde 6.7.

Upande wa umeme, chukua BYD Atto 3, gari la kawaida kabisa la familia ambalo jirani zetu wa Rwanda wameshaanza kulinunua. Lina mota moja ya kilowati 150 inayosukuma magurudumu ya mbele, na linafika 100 kwa sekunde 7.3. Toyota bZ4X yenye mota mbili inatumia sekunde 6.9. Tesla Model Y ya masafa marefu, toleo mojawapo la gari lililoongoza kwa mauzo duniani mwaka 2023, inatumia sekunde 5. Na Volvo EX30 yenye mota mbili, kigari kidogo cha juu ambacho ukikiona hukidhanii kitu, kinafika kwa sekunde 3.6. Hiyo miaka michache iliyopita ilikuwa namba ya magari ya mashindano.

Yaani SUV ya umeme ya bei ya kati inachanganya kama Forester yenye turbo na inaikaribia Land Cruiser mpya ambayo bei yake wengi wetu tunaisikia tu. Hapo ndipo wengi huishia. Sasa tulete magari haya Singida.

Hewa ya Singida mjini ni nyepesi. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, uzito wa hewa katika kila mita ya ujazo hupungua kwa takribani asilimia 14 ukilinganisha na Dar es Salaam au Tanga. Injini ya petroli isiyo na turbo inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Hewa ikipungua, kompyuta yake inapunguza na petroli ili mchanganyiko usiharibike, na nguvu inashuka karibu kwa kiwango kilekile. Toyota Harrier ya lita 2.4, lile gari ambalo kwa miaka mingi limekuwa alama ya mtu aliyejipata, inatoka kiwandani na farasi 160. Ikipita Manyoni na kuingia Singida inabaki na kama 138. Fundi hawezi kuzirudisha kwa kubadilisha plagi, na petroli ya kituo hiki au kile haihusiki. Dereva aliyenunua gari lake Dar na kuliona limekuwa zito alipofika huku hakuota.

Turbo inapunguza hasara hiyo, kwa kuwa inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini na kuifidia ile iliyopungua. Ndiyo maana Forester ya turbo na Land Cruiser mpya hazisikii sana mwinuko. Lakini magari mengi ya petroli yaliyoko kwenye barabara ya Singida hayana turbo.

Mota ya umeme haivuti hewa. Farasi 204 za Atto 3 zilizoko Bagamoyo ndizo hizohizo zitakazokuwepo Misigiri. Zaidi ya hapo, hewa nyepesi inapunguza upinzani mbele ya gari, kwa hiyo mwinuko unaolinyima gari la petroli nguvu unalisaidia kidogo la umeme. Ukweli huu mdogo wa kijiografia haumo kwenye kipeperushi chochote, na kwa mtu wa nyanda za kati una maana kubwa kuliko sekunde mbili za kwenye karatasi.

Halafu kuna kile kinachotokea kwenye kanyagio. Tumtazame dereva wa Harrier anayekwenda 60 nyuma ya trela. Gia boksi yake ina gia nne na iko kwenye gia ya juu ili kubana mafuta; injini inazunguka taratibu, mara elfu moja na mia kadhaa kwa dakika. Anaona nafasi, anakanyaga mpaka chini. Kwanza kipepeo cha hewa kinafunguka. Kisha gia boksi inagundua kwamba bosi anataka nguvu, inaachia gia ya juu, inatafuta ya pili, na injini inaruka kwa kelele kwenda kutafuta mizunguko yake. Nguvu kamili ya kuzungusha, newtonmita 220 hivi, iko kwenye mizunguko 4,000. Zile farasi zote ziko kwenye 5,600. Mpaka ifike huko, sekunde nzima au zaidi imeshapita. Gari limepiga kelele kabla halijaondoka. Kila aliyewahi kuovateki na gari la otomatiki la zamani anaijua ile nusu ya pumzi ambapo umeshatoka upande wako na gari bado linafikiria.

Gari la umeme halina cha kutafuta. Mota imefungwa kwenye magurudumu kwa gia moja tu, haibadilishi. Mguu ukishuka, inverta, yaani kifaa kinachougeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota, inaongeza mkondo papo hapo, na newtonmita 310 za Atto 3 zinapatikana hata gari likiwa limesimama. Sababu ni ya asili yake. Petroli inafanya kazi kwa milipuko, na milipuko michache kwa dakika inatoa nguvu kidogo. Mota inafanya kazi kwa sumaku, na sumaku haingoji mzunguko wowote ili ivute.

Wenyeji wa Manyoni na Itigi wameishi karibu na ukweli huu muda mrefu bila kuambiwa. Vichwa vingi vya treni vya dizeli duniani havizungushi magurudumu kwa injini moja kwa moja. Injini ya dizeli inazungusha jenereta, na mota za umeme ndizo zinazovuta mabehewa. Wahandisi wa reli walijua zamani kwamba mzigo mzito uliosimama unahitaji nguvu nyingi kwenye mzunguko wa kwanza kabisa. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, imeondoa dizeli yenyewe na kuchukua umeme wa waya. Kipande cha Makutupora hadi Tabora kinakatiza mkoa huuhuu.

Wala si habari mpya upande wa magari. Gari la kwanza duniani kuvuka kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme. Mbelgiji Camille Jenatzy aliliendesha karibu na Paris tarehe 29 Aprili 1899, akafika 105.88. Petroli ilishinda baadaye kwa sababu ya umbali ambao tangi moja lingeweza kukupeleka, na hoja ya umbali bado ina uzito, nitairudia.

Sasa ile hesabu yenyewe. Tuseme trela lina urefu wa mita 18 na linakwenda 60 kwenye eneo tambarare kati ya Iguguno na Misigiri. Unaanza ukiwa mita 15 nyuma yake na unarudi upande wako ukiwa umeliacha kwa mita 15. Ukijumlisha na urefu wa gari lako, unatakiwa kulipata na kuliacha kwa mita 53. Harrier yenye mzigo, kwenye hewa ya huku, ikitoka 60 kwenda juu inaongeza mwendo kwa takribani mita 1.4 kwa sekunde katika kila sekunde. Atto 3 yenye mzigo unaofanana inaongeza kama mita 2.8. Ni makadirio yangu kutokana na nguvu na uzito wa magari hayo, si vipimo vya maabara, lakini ukubwa wake ni huo.

Harrier itamaliza kazi kwa sekunde 8.7, na ukiiongezea sekunde moja ya gia boksi inakuwa 9.7. Atto 3 itamaliza kwa sekunde 6 na kidogo. Ndani ya muda huo Harrier itakuwa imekula mita 215 za barabara na Atto 3 mita 155. Usisahau anayekuja. Basi linalotii sheria linakuja kwa 80. Wakati Harrier inahangaika, basi limesogea mita 215. Wakati wa Atto 3 limesogea mita 137. Kwa hiyo dereva wa Harrier anahitaji kuona barabara tupu ya mita 430, na wa Atto 3 anahitaji 292. Tofauti ni zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, na uwanja huo wote ni wa upande usio wako.

Hiyo ni kwenye tambarare. Kwenye mwinuko hesabu inageuka kabisa. Barabara inayopanda mita 6 kwa kila mita 100 inayaibia magari yote mawili kiasi kilekile, karibu 0.6 kwenye ile namba ya kuchanganya. Harrier inashuka kutoka 1.4 hadi 0.8, yaani imepoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu yake ya kuongeza mwendo. Atto 3 inashuka kutoka 2.8 hadi 2.2, imepoteza moja ya tano. Mlima unatoza kodi sawa kwa maskini na tajiri, na maskini ndiye anayeumia. Kwenye tambarare gari la umeme lilikuwa mara mbili ya mwenzake. Kwenye mlima limekaribia mara tatu.

Simwambii mtu aovateki Sekenke. Mlima ule una historia mbaya, hasa ile barabara ya zamani ambayo madereva wa malori wa umri mkubwa bado wanaitaja kwa heshima ya woga, na kona ya upofu haiwi salama kwa sababu ya mota. Ninachosema ni kwamba kuchanganya haraka, kwa barabara zetu za njia mbili zisizo na ukuta katikati, ni suala la usalama kabla halijawa suala la fahari. Barabara hii ya Dodoma, Manyoni, Singida na Nzega ndiyo inayobeba mizigo ya Rwanda, Burundi na sehemu ya Kongo. Malori yanayopimwa kwenye mizani ya Njuki yanaruhusiwa kufika tani 56. Huyapiti kwa kubahatisha.

Na petroli ipewe haki yake. Faida ya mota ni kubwa zaidi mwendo ukiwa mdogo na wa kati. Mwendo ukizidi 120, nguvu ya mota kwenye magurudumu inapungua kwa sababu gia ni ileile moja, na gari kama Land Cruiser 300 lenye gia kumi linaendelea kuvuta. Atto 3 inafungiwa isizidi 160. Land Cruiser inafika 210. Lakini nani ana kazi na 210 kati ya Manyoni na Singida, penye tochi, punda na watoto wa shule?

Kushuka nako kuna lake, na hapa petroli haina jibu. Gari la petroli likishuka Sekenke linageuza kimo chote cha mlima kuwa joto la breki na mngurumo wa injini. Gari la umeme linageuza mota yake kuwa jenereta, linajivuta lenyewe nyuma na kurudisha umeme kwenye betri. Kwa gari la tani mbili na watu wake, kila mita 100 za kushuka zina nishati ya uniti 0.55 hivi, na ikirudi theluthi mbili yake umepata umeme wa kukusogeza kilomita mbili. Si utajiri. La maana ni kwamba pedi za breki zinabaki baridi, na kwenye mteremko ambao malori yamewahi kupoteza breki, breki baridi si jambo dogo.

Nafika kwenye hatari niliyoitaja. Dereva wa Kitanzania amefundishwa na injini. Sikio lake linamwambia mwendo: ngurumo ikipanda anajua ameanza kukimbia. Gari la umeme linamnyang'anya sikio hilo. Katika hesabu yetu ya juu, Harrier ilimaliza kulipita trela ikiwa kwenye 104, lakini Atto 3 ilimaliza ikiwa kwenye 122, kimyakimya, dereva akidhani bado yuko kwenye 90. Kilomita moja mbele kuna kibao cha 50, kuna soko la kuku na vitunguu pembeni ya lami, kuna ng'ombe wanaovuka. Gari limejua kuongeza mwendo mara mbili haraka kuliko mwenzake, ila halikujua kusimama mara mbili haraka. Kusimama kunategemea matairi na uzito, na gari la umeme ni zito: Atto 3 ina kilo 1,750, ilhali Harrier iliyo kubwa kuliko hiyo ina 1,600 hivi. Mtu akilinunua gari la namna hii, wiki za kwanza aliweke kwenye hali ya uchumi, ile inayopunguza makali ya kanyagio, mpaka mguu wake ujifunze upya.

Wanaokaa pembezoni mwa barabara nao wamefundishwa na injini. Mama anayevuka pale Ikungi akiwa na ndoo kichwani hageuzi shingo, anasikiliza. Umoja wa Ulaya uliliona hilo na tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme linalouzwa huko lazima litoe sauti likiwa chini ya kilomita 20 kwa saa. Juu ya hapo kelele ya matairi inatosha kwenye mji wa Ulaya wenye vivuko. Kijijini kwetu, gari likija kwa 60 na upepo wa Singida ukivuma, sina hakika inatosha, na ningependa mamlaka zetu zilitazame hili kabla magari hayajawa mengi.

Kuna pia barabara zisizo na lami, ambazo ndizo nyingi ukiingia ndani ya Mkalama au Iramba. Kwenye changarawe, newtonmita 310 zinazomiminika kwenye magurudumu mawili ya mbele zinaweza kuyafanya yazunguke bure. Kompyuta inayakamata, lakini kukamata kwenyewe ni kupunguza nguvu, na ubabe wote wa kwenye lami unayeyuka. Hapo SUV ya umeme yenye mota mbili, moja mbele na moja nyuma, ndiyo inayotamba. Halafu tazama chini ya gari: Atto 3 imeachana na ardhi kwa milimita 175 tu, na betri yake iko palepale chini. Prado inazidi 200. Mwenye shamba Ndago atakuwa na haki ya kubaki na Prado yake kwa sasa, iwe inachanganya au haichanganyi.

Jirani zetu wameonyesha kwamba suala hilo lina njia. Nairobi, kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, leo inaitwa Roam, ilijipatia sifa kwa kutoa injini za Land Rover na Land Cruiser za utalii na kuweka mota na betri. Kimo kinabaki, chesisi inabaki, dizeli inaondoka.

Umbali, kama nilivyoahidi. Atto 3 inaandikiwa kilomita 420 kwa chaji moja, kipimo cha Ulaya, na ukienda kwa mwendo wa barabara kuu, kiyoyozi kikiwaka na upepo ukikupiga usoni, utapata pungufu ya hapo. Singida hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 240, unafika bila wasiwasi. Singida hadi Dar es Salaam ni kama 700, na hapo lazima uchaji njiani, katika njia ambayo vituo vya kuchajia haraka havijazoeleka. Kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, kujaza betri ya uniti 60 ni kazi ya usiku, mchana na usiku mwingine. Na ujue kwamba kila unapokanyaga mpaka chini ili kulipita trela unakula sehemu ya umbali huo. Vilevile chaji ikiwa imebaki kidogo sana kompyuta inabana nguvu, na gari uliloliamini asubuhi halitakuwa lilelile jioni. Mwenye petroli hana tatizo hilo: tone la mwisho lina nguvu sawa na la kwanza.

Umeme wenyewe upo. Njia kuu ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga, kilomita 670, inapita Singida, na kutoka hapa inachipuka nyingine inayopanda kwenda Arusha na Namanga. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwanzoni mwa 2024. Kwa bei ya LUKU ya matumizi ya kawaida, uniti moja pamoja na kodi inakaribia shilingi 360, hivyo kilomita 100 za Atto 3 ni kama shilingi 6,500. Harrier itataka lita kumi kwa umbali huo, na kila mtu anajua lita kumi ni shilingi ngapi EWURA ikishatangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kilichobaki ni mtu wa kuweka chaja nzito Manyoni, Singida mjini na Nzega. Zikiwepo tatu tu, njia yote ya Dodoma hadi Nzega imefunguka.

Ila tusijidanganye kuhusu nani atazinunua SUV hizi. Wengi wetu tunaendesha mitumba ya Japani, magari yaliyokwisha kutumika miaka minane, kumi, kumi na miwili. Wajapani waliingia kwenye SUV za umeme kwa kuchelewa: Nissan Ariya na Toyota bZ4X ziliingia sokoni kwao mwaka 2022. Maana yake zitaanza kutufikia kwa bei inayoshikika kuelekea mwisho wa muongo huu, na zitafika betri zikiwa zimezeeka. Betri iliyochoka haipunguzi umbali peke yake. Inashindwa pia kutoa mkondo mkubwa kwa ghafla, na mkondo huo ndio unaolifanya gari lichanganye. SUV ya umeme yenye betri mbovu itakuwa nzito kama jiwe la Singida na haitakuwa na mbio zake zilizosifiwa.

Kwa hiyo mnunuzi atakapoletewa gari hilo yadini Dar es Salaam, aombe kwanza kipimo cha afya ya betri kilichosomwa na mashine, wala asikubali kuonyeshwa kilomita za kwenye dashibodi pekee. Kisha alijaribu akiwa na watu wanne ndani, kiyoyozi kimewashwa, kwenye kilima. Aanzie 60, asianzie sifuri, ahesabu mpaka 100.